Saratani Ikishasambaa: Fedha Iende Wapi Kwanza

Daktari akishasema kwamba saratani imesambaa, imefika kwenye mifupa, ini au mapafu, familia nyingi hufanya jambo lilelile: kikao kinaitishwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa siku hiyohiyo, mweka hazina anateuliwa na michango inaanza kuingia. Watu wetu ni wepisi wa kuchanga, na hilo ni jema. Kinachochelewa ni swali la fedha hizo zikanunue nini. Na mgonjwa mwenyewe, mwenye mwili na mwenye maumivu, mara nyingi hayumo kikaoni. Yuko chumba cha pili, anasikia watu wakimjadili.

Nimemuuguza shangazi yangu aliyekuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kufika kwenye uti wa mgongo, na kabla ya hapo na baada ya hapo nimeongea na familia nyingi zilizopita njia hiyo. Ninachokiamini ni hiki: kwa mgonjwa wa hatua hiyo, vitu vinavyompa nafuu kubwa mara nyingi ndivyo vya bei ndogo, na vile vinavyomaliza akiba, vikamaliza ng'ombe na shamba, mara nyingi havimpi hata wiki moja ya kukaa vizuri. Si kila mara, na nitataja pale ambapo kulipa zaidi kuna maana. Lakini mpangilio wa matumizi katika nyumba nyingi umekaa kichwa chini miguu juu.

Kusambaa kwa saratani si lazima kuwe na maana ya kufa mwezi ujao. Wako wanaoishi miaka, hasa wenye saratani ya matiti au ya tezi dume inayosikia dawa za homoni. Ila lengo la matibabu linakuwa limebadilika. Sasa matibabu yanatafuta muda na nafuu, na kuponya kabisa si ahadi ambayo daktari mkweli ataitoa. Kwa hiyo kila gharama inayoletwa mezani iulizwe maswali mawili: itampunguzia mgonjwa nini, na itamgharimu siku ngapi za kuwa mbali na nyumbani?

Maumivu kwanza

Ninaanza na maumivu kwa sababu ndiyo yanayoamua mengine yote. Mtu asiyelala usiku hali, hatembei na hawezi kufikiri vizuri. Familia inayomsikia akigumia usiku kucha hukubali lolote litakaloletwa na yeyote, kwa bei yoyote.

Njia ya kawaida mitaani ni duka la dawa: panado, kisha diclofenac, kisha tramadol. Diclofenac ni rahisi mfukoni, lakini ikitumika kila siku kwa wiki nyingi inaweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyotoka damu na kuharibu figo. Kwa mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi ambayo imeanza kubana mirija ya mkojo, figo ndizo hasa zinazotakiwa kulindwa. Tramadol nayo ina mwisho wake: miligramu 400 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 50. Ukizidisha hapo unakaribisha degedege, na nafuu haiongezeki.

Nguvu ya vidonge hivyo vinane ni takriban sawa na miligramu 40 za mofini ya kunywa. Sasa tulinganishe. Mofini ya maji inayotumika sana Afrika Mashariki huandaliwa kutoka unga, kwa kawaida miligramu 5 katika kila mililita 5. Miligramu 40 kwa siku ni mililita 40, kwa hiyo chupa ya nusu lita inamtosha mgonjwa huyo siku 12 na nusu. Kwa siku hizohizo angehitaji vidonge 100 vya tramadol, vya kununua kwa fedha taslimu, na maumivu yakizidi hana pa kupanda. Mofini haina kikomo cha namna hiyo. Daktari huipandisha hatua kwa hatua kadiri maumivu yanavyodai.

Uganda wametangulia katika hili. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ilianza na mofini hiyo ya maji, na serikali ya Uganda inaitoa bure kwa wagonjwa wanaoihitaji. Tangu mwaka 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe, na hilo limeisogeza dawa hadi wilayani ambako daktari ni wa kutafuta. Kwetu Tanzania, mahali pa kuulizia ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, hospitali kubwa za rufaa kama Bugando na KCMC, na hospitali za mashirika ya dini zenye vitengo vya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Selian kule Arusha na Muheza mkoani Tanga zina historia ndefu ya kazi hiyo. Kenya wana hospisi kadhaa, yaani vituo vya huduma hiyo, na ile ya Nairobi ipo tangu mwaka 1990. Kwa hiyo mara nyingi bei ya mofini haiko dirishani pa kuchukulia dawa. Iko kwenye nauli ya kuifuata. Omba barua ya rufaa kwenda kituo kilicho karibu zaidi na kwako chenye mofini, na uliza kama unaweza kupewa ya mwezi mzima badala ya wiki mbili.

Chupa ya shangazi yangu ilikuwa ya plastiki ya kahawia, na lebo yake iliandikwa kwa mkono. Ilikaa juu ya kabati, mbali na watoto na mbali na jua. Tuliipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililowekwa alama ya kalamu pale dozi yake ilipoishia, ili hata mjukuu mkubwa aweze kupima bila kukosea. Ilikuwa chungu, naye alikuwa akishushia na juisi ya ukwaju. Ratiba yake ilifuata saa zetu bila shida: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku dozi mbili kwa mpigo ili asiamshwe usiku wa manane. Maumivu yakimpanda katikati ya saa hizo, alipewa dozi moja ya ziada, na tuliiandika.

Familia nyingi huiacha mofini siku ya pili kwa kuona mgonjwa anasinzia na kichefuchefu kimemshika. Kwa wengi mambo hayo hupungua baada ya siku mbili tatu. Lisiloisha ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama bisacodyl, ianze siku ileile inapoanza mofini na isiachwe. Hofu ya kwamba mgonjwa atakuwa teja imewatesa watu wengi bure. Anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani, kwa dozi aliyopangiwa, ni nadra sana kugeuka teja. Dalili za kuzingatia ni usingizi usioamshika, kupumua taratibu mno, au mkojo kupungua sana. Hapo mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata, maana figo zikichoka mofini hujazana mwilini na dozi inatakiwa ishuke.

Mionzi ya mara moja au ya mara kumi

Saratani iliyoingia kwenye mfupa huuma kwa namna yake, na mionzi huutuliza vizuri. Katika jambo hili mgonjwa anaweza kuokoa fedha nyingi kwa swali moja tu. Kwa mfupa unaouma ambao haujavunjika na haubani uti wa mgongo, utafiti wa miaka mingi umelinganisha dozi moja ya grei 8, inayotolewa siku moja, na dozi ndogondogo zinazotolewa kwa siku tano au kumi. Nafuu ya maumivu ni ileile. Tofauti inakuja baadaye: kati ya wagonjwa 100 waliopata dozi moja, kama 20 huja kurudia mionzi sehemu ileile, wakati kwa waliopata dozi nyingi ni kama 8.

Tuifanyie hesabu kwa mgonjwa anayetoka Dodoma kwenda Ocean Road na binti yake. Treni ya SGR ilipoanza safari zake mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa Sh 31,000. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni Sh 124,000. Tuseme wamepata gesti ya Sh 20,000 kwa usiku, na wanakula wote wawili kwa Sh 15,000 kwa siku. Mionzi ya mara kumi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki mbili, ina maana ya kulala usiku 12 na kula siku 13: Sh 240,000 za gesti na Sh 195,000 za chakula. Jumla, pamoja na nauli, ni Sh 559,000. Mionzi ya mara moja, hata tukiwapa usiku tatu kwa ajili ya kupangiwa na kupimwa, ni Sh 60,000 za gesti, Sh 60,000 za chakula na ile nauli: Sh 244,000. Wamebakiwa na Sh 315,000, na hapo hatujahesabu bajaji za kila asubuhi wala siku kumi ambazo binti hakufungua genge lake. Hata yule anayelazimika kurudi kwa dozi ya pili baada ya miezi hatumii zaidi ya mwenzake wa wiki mbili. Wanatofautiana kwa Sh 71,000, na yule wa kwanza ndiye aliyetumia kidogo.

Ziko hali ambazo mara moja haitoshi: mfupa ulio karibu kuvunjika, mfupa uliofanyiwa upasuaji, au uvimbe uliobana uti wa mgongo. Daktari atakuambia. Lakini asipoulizwa, huenda akakupangia utaratibu uliozoeleka hospitalini pale. Uliza hivi: "Daktari, kwa hali yangu, dozi moja itanifaa?"

Swali la namna hiyohiyo linawahusu wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa. Tiba yao ya kwanza ni kuzima homoni ya kiume inayoulisha uvimbe, na kuna njia mbili kuu. Moja ni sindano, kama goserelin, inayochomwa kila mwezi au kila miezi mitatu kwa maisha yote. Nyingine ni upasuaji wa kuondoa korodani, unaofanywa mara moja, na homoni hushuka ndani ya saa chache. Kwa kuidhibiti saratani, njia hizi mbili zinalingana, na madhara yake ya mwilini yanafanana: nguvu za kiume kupotea, joto la ghafla, mifupa kudhoofika. Kwa gharama hazilingani kabisa, kwa sababu sindano ni bili isiyokwisha, na mwezi atakaoikosa homoni inaweza kurudi. Wanaume wengi husikia neno upasuaji na kuondoka. Ninaielewa hofu hiyo na simlaumu mtu. Mwili ni wake. Ninachoomba ni kwamba mzee aambiwe wazi, faraghani, kwamba sindano nayo inazima kitu kilekile, ndipo achague. Nimeona familia ikikopa kwa riba za kausha damu ili kulipia sindano ambazo mzee mwenyewe, baada ya kuelezwa, alisema afadhali angefanyiwa upasuaji tangu mwanzo.

Kwa wanawake wenye saratani ya matiti, kipimo kinachostahili kulipiwa hata kwa kubana matumizi mengine ni kile cha kuangalia kama kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe kina vipokezi vya homoni. Kikionyesha vipo, tamoxifen, kidonge cha kumeza kila siku nyumbani na kilicho miongoni mwa dawa za bei nafuu za saratani, kinaweza kuidhibiti hali kwa muda mrefu. Bila kipimo hicho mtu huweza kuzungushwa kwenye dripu za kemo, dawa kali za saratani, ambazo pengine hakuzihitaji kwanza. Na mwenye saratani ya koo la chakula asiyemeza hata maji aulizie kibomba cha kuzibua koo, kinachowekwa kwa kamera bila kupasuliwa. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, imejijengea jina kwa kazi hiyo. Mtu anawekewa, anaanza kumeza uji, anarudi kwake.

Safari ndefu na vikombe vya bei rahisi

Kila kikao hufika mahali mtu akasema, "Tumpeleke India." Sisemi India hawajui kazi, wanaijua, na wako waliokwenda na uvimbe unaotibika wakarudi wazima. Kwa saratani iliyosambaa hesabu ni nyingine. Utalipa viza na tiketi za watu wawili, chumba cha kupanga karibu na hospitali, mkalimani, vipimo vinavyoanza upya, na makadirio ya hospitali ambayo huongezeka ukishafika. Zaidi ya hayo, utamtoa mgonjwa mbele ya watu wake katika miezi ambayo huenda ndiyo aliyobakiza. Na akifia huko, kumrudisha ni gharama nyingine kubwa inayowakuta waombolezaji mikono mitupu.

Kuna njia ya kati ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kabla ya tiketi, tuma taarifa. Kila mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya ripoti ya kinyama chake, picha zake za CT skani zikiwa kwenye sidii, na muhtasari wa matibabu aliyopata. Hata kipande chenyewe cha kinyama kilichohifadhiwa maabara kinaweza kuombwa kikasomwe kwingine. Daktari wa India, wa Nairobi au wa Hospitali ya Muhimbili anaweza kuvitazama na kujibu swali moja: je, kuna tiba mliyonayo ambayo hapa nilipo haipo, na itanipa nini? Jibu likiwa ni dawa zilezile kwa bei nyingine, umeokoa fedha za ukoo mzima kwa gharama ya kutuma bahasha. Likiwa ni dawa mpya inayolingana na aina ya uvimbe wake, basi kikao kina jambo la kweli la kujadili.

Wanaokuja na chupa na makopo ya dawa za kienyeji nao wanahitaji hesabu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa Sh 500 tu. Lakini nauli za kufika huko zilipanda vibaya, foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, wako waliofia njiani wakisubiri, na wako walioacha dawa zao za hospitali. Bei ya kikombe ilikuwa ndogo kuliko zote na safari ilikuwa ghali kuliko nyingi. Mpaka leo ukipita mitaani utakuta majani ya stafeli yaliyokaushwa, magadi na limau, na unga wa makopo unaouzwa kwa mtandao wa marafiki kwa ahadi ya "kusafisha sumu". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitishwa kuponya saratani kwa binadamu. Mgonjwa akitaka kunywa chai ya majani fulani kwa kuwa inampa faraja, amwambie daktari wake, maana baadhi ya mitishamba hugombana na dawa au huumiza ini. Ila kopo la laki mbili linaloliwa wiki mbili halina nafasi katika bajeti ya nyumba ambayo haina godoro zuri.

Maana nyumbani ndiko mgonjwa anakokaa siku nyingi, na ndiko fedha ndogo hufanya kazi kubwa. Anayelala muda mrefu ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Kuzuia hakugharimu kitu, ilhali kidonda kikishachimbika kinakula bandeji na dawa kila siku. Godoro la upepo likipatikana kwa kuazima ni bora zaidi, na vitengo vya tiba shufaa wakati mwingine huwa nalo. Kwa anayeshindwa kuchuchumaa chooni, fundi anaweza kutoboa kiti cha plastiki katikati na ndoo ikawekwa chini. Kazi ya dakika chache inayomrudishia mtu heshima yake. Kidonda cha titi kinachonuka, kinachowafanya wageni wasiingie na mgonjwa ajifungie, kinaweza kunyunyiziwa unga wa vidonge vya metronidazole vilivyosagwa kila unapobadilisha bandeji, kwa maelekezo ya muuguzi, na harufu hupungua kwa siku chache. Ni vidonge vinavyopatikana karibu kila duka la dawa. Nimemwona mama mmoja akirudi kukaa barazani na majirani zake kwa sababu ya vidonge hivyo tu, baada ya miezi ya kujificha chumbani, na sijui kopo lolote la dawa za mtandaoni lililowahi kufanya hivyo.

Kuhusu chakula nasema kwa kifupi: mgonjwa apewe uji mwepesi, mtindi, supu au tunda kwa kiasi anachotaka na saa anayotaka. Kumlazimisha hakumwongezei nguvu.

Kadi, msamaha na mwisho wa bima

Bima isomwe kabla haijahitajika, na wengi huisoma ikiwa imekwisha. Kenya, mfumo mpya wa bima ya afya, SHA, ulipochukua nafasi ya NHIF ya huko Oktoba 2024, kiwango cha saratani kiliwekwa Sh 550,000 za Kenya kwa kaya kwa mwaka. Ni kwa kaya, si kwa mtu. Vipimo ghali vya kurudiarudia mwanzoni mwa mwaka vinaweza kumlia mgonjwa dripu zake za mwisho wa mwaka. Muulize daktari kabla ya kila skani: majibu yake yatabadilisha matibabu? Kama hayatabadilisha kitu, iache.

Tanzania, saratani imo kwenye utaratibu wa msamaha wa magonjwa sugu katika hospitali za umma, lakini msamaha haumfuati mtu nyumbani. Anatakiwa aufuate, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Omba barua hiyo kabla ya kusafiri, maana kumrudisha mtu Sumbawanga kuifuata ni nauli nyingine. Msamaha nao hauzuii kuambiwa "dawa hakuna, kanunue nje", kwa hiyo tenga fedha ya nje hata kama huduma ni bure. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo mikoani ilikuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, haikukusudiwa kulipia matibabu makubwa ya saratani; ililenga huduma za karibu, kama vile homa, damu kidogo, kidonda, na hayo ndiyo yanayompata mgonjwa mara kwa mara. Wenye kadi za NHIF ya Tanzania au za kampuni binafsi waulize mambo matatu kwa maandishi: kikomo cha saratani, muda wa kusubiri, na kama tiba shufaa ya nyumbani inalipiwa.

Gharama ambayo hakuna kadi inayoilipa ni ya yule anayeuguza. Kwa kawaida ni binti au mke. Anaacha biashara, anakosa usingizi, na hakuna anayemwandika kwenye daftari la michango. Familia yenye busara humpangia zamu na kumtengea kiasi kila wiki kutoka kwenye mchango uleule. Ni matumizi halali ya fedha ya mgonjwa, kwa sababu muuguzaji akianguka, mgonjwa naye ameanguka.

Mgonjwa ashike kalamu

Daftari la Sh 1,000 ndicho chombo ninachokipigania kuliko vyote. Ukurasa mmoja kwa siku: maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya sifuri na kumi, au kwa vidole vya mkono mmoja kama namba zinamsumbua, dozi za ziada ngapi, choo lini, alikula nini, nini kilimfurahisha. Daktari wa kliniki ana dakika chache na foleni ndefu. Mgonjwa akisema tu "naumwa sana" atarudi na dawa zilezile. Akifungua daftari likaonyesha dozi nne za ziada kila siku kwa wiki nzima, dozi ya kawaida itapandishwa palepale. Nyuma ya daftari ziandikwe namba za simu: muuguzi wa shufaa, dereva wa bajaji anayeaminika, hospitali ya karibu.

Hapohapo ziandikwe hali zisizosubiri kikao wala mchango. Miguu kulegea ghafla au kufa ganzi, pamoja na maumivu ya mgongo au kushindwa kuzuia mkojo: hiyo ni dalili ya uti wa mgongo kubanwa, na tofauti ya siku moja inaweza kuwa tofauti ya kutembea na kutotembea tena. Homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku zinazofuata dripu ya kemo. Damu nyingi isiyokatika. Kwa hali hizo kodi gari hata usiku. Hapa ndipo fedha ya akiba ilipotakiwa kuwa.

Mgonjwa hawezi kushika kalamu kama hajaambiwa anaumwa nini. Desturi ya kumficha inatokana na upendo, ninajua, lakini inamnyima uamuzi wa fedha zake mwenyewe, na mara nyingi ni fedha zake kweli: kiinua mgongo chake, kiwanja chake. Wapo ambao wangeambiwa wangesema, "Msiuze kile kiwanja, nipelekeni kwetu nikawaone wajukuu." Wapo ambao wangesema wapigane hadi mwisho. Wote wana haki ya kuulizwa. Na kuanza tiba shufaa mapema hakumpunguzii mtu siku. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo pamoja na matibabu ya kawaida walikuwa na hali nzuri zaidi, walipata matibabu mazito machache zaidi mwishoni, na bado waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9.

Kama una mgonjwa nyumbani, au ni wewe mwenyewe, usisubiri kikao kijacho. Wiki hii nenda hospitali ya mkoa wako uulize vitu vitatu: kitengo cha tiba shufaa kiko wapi, mofini ya maji inapatikana, na nani wa kumpigia simu usiku. Pata majibu hayo kwanza, ndipo mjadili tiketi.